Harriet Beecher Stowe: Mama, Jiko na Kalamu

Mwanafunzi wa fasihi akilisikia jina la Harriet Beecher Stowe, aghalabu hukumbuka jambo moja tu: kwamba ndiye mwanamke wa Kimarekani aliyeandika Uncle Tom's Cabin, riwaya ya Mjomba Tom iliyoutikisa utumwa nchini mwake katika karne ya 19. Wahakiki wamejadili dini iliyomo riwayani, siasa yake na wahusika wake kwa zaidi ya miaka 150. Lipo hata hivyo swali ambalo hupitwa haraka: mwanamke huyu aliyejifungua watoto saba, asiye na fedha wala chumba cha kuandikia, aliupata wapi wakati? Makala haya yanayafuata maisha yake kwa kuliandama swali hilo. Jibu lake, kama tutakavyoona, lina mikono ya watu wengi ndani yake, na si mikono yote iliyotendewa haki.

Harriet alizaliwa tarehe 14 Juni 1811 katika mji wa Litchfield, jimbo la Connecticut. Babake, Lyman Beecher, alikuwa mhubiri mwenye sifa kubwa, na nyumba yake ilisheheni watoto, vitabu na mijadala ya dini. Mamake, Roxana Foote, alifariki mwaka 1816, Harriet akiwa na umri wa miaka mitano. Sehemu kubwa ya malezi yake iliangukia mikononi mwa dada yake mkubwa, Catharine, mwanamke mwenye msimamo mkali ambaye mwaka 1823 alianzisha shule ya wasichana mjini Hartford. Harriet alisoma katika shule hiyo na baadaye akafundisha papo hapo. Catharine hakuolewa maishani mwake. Msomaji na amkumbuke, maana tutakutana naye tena wakati ambapo bila yeye huenda riwaya hiyo isingekamilika.

Mwaka 1832 jamaa nzima ilihamia Cincinnati, katika jimbo la Ohio, ambako Lyman Beecher alikuwa amepewa uongozi wa Seminari ya Lane. Mji huo ulikuwa ukingoni mwa Mto Ohio. Ng'ambo ya pili ya mto lilikuwako jimbo la Kentucky, na huko utumwa ulikuwa halali. Mtu akisimama bandarini Cincinnati aliweza kuiona kwa macho yake nchi ya watumwa. Hapo ndipo Harriet alipoanza kuandika kwa dhati. Mwaka 1833 kitabu chake cha jiografia ya watoto kilichapishwa, na mwaka uliofuata hadithi yake fupi ilijishindia tuzo ya dola 50 kutoka kwa jarida moja la mji huo. Alikuwa msichana asiye na mume wala mtoto, na muda wa kuandika ulikuwa wake mwenyewe.

Hali hiyo ilibadilika tarehe 6 Januari 1836 alipofunga ndoa na Calvin Ellis Stowe, profesa wa taaluma ya Biblia katika Seminari ya Lane. Calvin alikuwa amefiwa na mkewe wa kwanza, Eliza Tyler, ambaye alikuwa rafiki mkubwa wa Harriet. Alikuwa msomi wa kupigiwa mfano, ila mambo ya nyumbani yalimshinda kabisa. Miezi michache baada ya harusi alisafiri kwenda Ulaya kuinunulia seminari vitabu, na alipokuwa bado huko, tarehe 29 Septemba 1836, Harriet alijifungua pacha wa kike. Wakaitwa Eliza na Harriet, yaani mmoja alibeba jina la marehemu mke wa kwanza na mwingine jina la mamake. Mwaka 1838 alizaliwa Henry, na mwaka 1840 Frederick. Kwa hiyo kabla ya kutimiza miaka mitano katika ndoa, bibi huyu alikuwa na watoto wanne. Georgiana alifuata mwaka 1843.

Inafaa kutua hapa ili tuone kazi za nyumba zilikuwaje wakati huo. Cherehani ya Singer ilipata hataza mwaka 1851, kwa hivyo kila shati, kila gauni na kila nepi ilishonwa kwa mkono. Jiko lilikuwa la kuni, na kuni zilitaka kuchochewa siku nzima. Maji ya kufulia yalichotwa, yakabebwa, yakachemshwa, kisha yakamwagwa, na shughuli ya kufua ilimaliza siku nzima ya juma. Mkate uliokwa nyumbani. Juu ya hayo mshahara wa Calvin ulikuwa mdogo, na seminari ilipokumbwa na ukata ulichelewa au ulipunguzwa. Ili kujazia pengo, jamaa hiyo ilipangisha wanafunzi nyumbani, na kila mpangaji aliongeza sahani mezani na shuka katika karai la kufulia. Katika barua alizowaandikia rafiki zake miaka hiyo, Harriet alijieleza kama mtu aliyegeuka kuwa kijakazi wa nyumba yake mwenyewe, ambaye fikra zake zimezongwa na watoto wachanga na mapishi.

Licha ya hayo, hakuiacha kalamu. Kuna tukio la mwaka 1838 ambalo mwanawe Charles alilisimulia katika kitabu cha maisha ya mamake kilichotoka mwaka 1889. Rafiki mmoja wa Harriet alifika nyumbani akamkuta amelemewa na kazi, ilhali mhariri alikuwa akiingoja hadithi aliyoahidiwa. Harriet alidai kwamba siku hiyo haiwezekani hata kidogo. Rafiki huyo hakukubali. Alichukua karatasi na wino, akaketi jikoni kando ya meza ya kukandia unga, na Harriet akaanza kuitamka hadithi huku akimwelekeza mtumishi mgeni namna ya kuandaa mkate na maharagwe, na huku akimchunga mtoto. Sentensi moja ilikwenda kwenye hadithi, inayofuata ikaenda kwenye tanuri. Kisa hiki huchekesha, nacho kilisimuliwa ili kichekeshe. Hata hivyo kwa maoni yangu kinafundisha jambo kuhusu mtindo wa mwandishi huyu. Wahakiki wengi wamelalamika kwamba nathari yake haina mshikamano, kwamba hukatiza masimulizi ghafla ili azungumze na msomaji. Mtu aliyejifunza kutunga akikatizwa kila dakika angeandika vipi?

Harriet alifahamu pia hesabu ya fedha. Aligundua mapema kwamba makala moja katika jarida huweza kulipia zulia au godoro, au ujira wa msichana wa kazi. Alipopungukiwa alimwambia mtumishi wake mwaminifu aliyeitwa Anna kwamba ataandika kitu, kisha mambo yatakaa sawa. Kwa njia hiyo aliandika ili apate fedha za kumlipa mtu afanye kazi za nyumbani, ili naye apate wakati wa kuandika. Duara hilo lilikuwa jembamba, na ugonjwa wa mtoto mmoja ulitosha kulikata. Anna alifanya kazi katika nyumba hiyo kwa miaka mingi, lakini hakuna jalada lolote lenye jina lake.

Mwaka 1842, wakati mkusanyiko wake wa hadithi ulipokuwa ukitafutiwa mchapishaji, Harriet alimwandikia mumewe kwamba iwapo anatakiwa kuandika, basi sharti awe na chumba chake peke yake. Alieleza kwamba majira ya baridi yaliyopita hakuwa na mahali pa kujitenga. Mezani palikuwa pakiandaliwa chakula na kuondolewa vyombo, watoto wakioshwa na kuvishwa papo hapo, na akiingia sebuleni alihisi kwamba anamsumbua mumewe. Wanafunzi wa fasihi wanaifahamu insha ya Virginia Woolf ya mwaka 1929 kuhusu mwanamke na chumba chake mwenyewe. Bi. Stowe alikuwa ameidai haki hiyo hiyo miaka 87 kabla, tena si katika mhadhara wa chuo, bali katika barua kwa mume. Calvin, ni haki tuseme, alimuunga mkono kwa moyo wote. Alimhimiza awe mwandishi kamili na akamshauri atumie jina la Harriet Beecher Stowe bila herufi nyingine katikati. Mkusanyiko huo, The Mayflower, ulitoka mwaka 1843. Lakini kumhimiza mke aandike ni jambo moja, na kumwamkia mtoto anayelia usiku ni jambo jingine. Hilo la pili Calvin hakuwa na kipaji nalo.

Mwili una mpaka wake. Mwaka 1846, akiwa amechoka na kudhoofika, Harriet aliwaacha watoto akaenda Brattleboro, jimbo la Vermont, kutibiwa kwa maji baridi, tiba iliyovuma sana enzi hizo. Alikaa huko hadi mwaka uliofuata. Aliporejea nyumbani alipata mimba, na mwezi wa Januari 1848 alizaliwa Samuel Charles, aliyeitwa Charley. Mwaka huo huo ikawa zamu ya Calvin kuugua na kwenda Brattleboro, naye alikaa zaidi ya mwaka mmoja. Harriet alibaki peke yake Cincinnati na watoto sita.

Ndipo ukaja mwaka 1849 na kipindupindu. Maradhi hayo yaliikumba Cincinnati wakati wa kiangazi na yakaua maelfu ya watu. Magari ya kubeba maiti yalipita barabarani kutwa. Harriet alimwandikia mumewe asirudi, kwa kuwa kuja kwake kungeongeza mgonjwa mmoja tu. Mwezi wa Julai Charley alishikwa na ugonjwa. Mamake alimuuguza, akamtazama akiteseka bila uwezo wa kumsaidia, na tarehe 26 Julai mtoto akafariki, akiwa na umri wa miaka mmoja na nusu. Wahenga walinena kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Miaka mitatu baadaye Harriet aliungama katika barua kwamba ni kando ya kitanda cha kufia na kaburi la Charley alipojifunza maana ya mama mtumwa kunyang'anywa mtoto wake na kuuzwa mbali.

Basi tusidhani kwamba nyumba ilimnyima Bi. Stowe wakati tu. Nyumba ndiyo iliyompa habari. Mpishi wake mmoja huko Cincinnati, Eliza Buck, alikuwa ameishi utumwani. Alizaliwa Virginia, akauzwa kusini hadi Louisiana, kisha akafikia Kentucky. Katika mazungumzo ya jikoni alimweleza Harriet mambo ambayo hakuna mhubiri aliyewahi kuyataja kanisani. Alisimulia watumwa waliochapwa mpaka wakashindwa kusimama, akaeleza kwamba baba wa watoto wake mwenyewe alikuwa bwana aliyemmiliki, na kwamba mwanamke mtumwa hana nafasi ya kukataa. Mtumishi mwingine, msichana kutoka Kentucky, alikuwa huru kisheria kwa kuwa bibi yake alimleta Ohio na kumwacha huko. Mwaka 1839 ilisikika kwamba bwana wake yumo mjini akimtafuta. Calvin na Henry Ward Beecher, kaka yake Harriet, walimchukua usiku kwa gari la farasi wakampeleka kwa John Van Zandt, mkulima aliyewaficha watoro. Msomaji wa riwaya atatambua mara moja safari hiyo ilivyoingia kitabuni.

Mwaka 1850 Calvin alipata kazi katika Chuo cha Bowdoin, mjini Brunswick, jimbo la Maine. Harriet alitangulia na baadhi ya watoto, akiwa mja mzito, kwa safari ndefu ya mashua na treni. Nyumba waliyoipanga ilikuwa kubwa, kuukuu na baridi. Alipaka rangi, akashona mapazia na mito, akavisha viti nguo mpya, na akagombana kwa majuma kadhaa na fundi wa mabomba kuhusu sinki la jikoni ambalo halikuwa tayari. Tarehe 8 Julai alijifungua mtoto wa saba, Charles Edward, na haukupita muda mrefu akawa anaandika tena magazetini kwa sababu mshahara haukutosha. Alifungua shule ndogo humo nyumbani, na jioni aliwasomea watoto riwaya za Walter Scott.

Mwezi wa Septemba mwaka huo Sheria ya Watumwa Watoro ilipitishwa na bunge la Marekani. Sheria hiyo iliwalazimisha hata wakazi wa majimbo huru kusaidia kuwakamata watoro na kuwarudisha utumwani, na aliyewahifadhi alitozwa faini au kufungwa. Wifi yake wa Boston, Isabella, mke wa Edward Beecher, alimwandikia barua akimsihi atumie kalamu yake kulionyesha taifa zima uovu wa utumwa. Watoto wa Harriet walisimulia baadaye kwamba mama yao aliposoma barua hiyo alisimama, akaikunja ngumini, akaapa kwamba ataandika kitu iwapo Mungu atamjalia uhai. Jibu aliloliandika, hata hivyo, lina jambo ambalo akina mama wengi watalielewa kuliko kiapo. Alieleza kwamba kwa kuwa mtoto mchanga bado analala naye usiku, hawezi kufanya mengi kwa wakati huo, lakini mwisho atafanya.

Na alifanya. Mwezi wa Februari 1851, akiwa kanisani Brunswick wakati wa Meza ya Bwana, alijiwa na picha ya mzee mtumwa akichapwa hadi kufa. Alirudi nyumbani, akaandika tukio hilo na kuwasomea watoto, nao wakalia. Mwezi wa Machi alimwandikia Gamaliel Bailey, mhariri wa gazeti la National Era mjini Washington, akimwahidi hadithi itakayochukua matoleo matatu au manne. Malipo waliyokubaliana yalikuwa dola 300. Sehemu ya kwanza ilitoka tarehe 5 Juni 1851, na ya mwisho tarehe 1 Aprili 1852. Hadithi ya juma nne ilikuwa imegeuka kuwa kazi ya miezi kumi, yenye sehemu zaidi ya 40.

Kila juma gazeti lilitaka sura mpya, na kila juma nyumba ilikuwa na wagonjwa, wageni, nguo za kufua na mtoto wa kunyonyesha. Mara chache sura haikuwasili, na wasomaji wakanung'unika. Hapa ndipo Catharine alipoingia. Alikuja Brunswick, akashika usimamizi wa nyumba pamoja na masomo ya watoto, na akamfukuza ndugu yake jikoni ili aende kuandika katika chumba cha Calvin chuoni. Hicho ndicho chumba alichokuwa amekidai mwaka 1842. Alikipata kwa muda tu, na alikipata kwa sababu mwanamke mwingine alisimama mahali pake penye jiko. Catharine alikuwa mwandishi pia, mwenye vitabu vyake na shule zake za kuzishughulikia. Walioandika historia ya fasihi humtaja kwa nadra katika sura ya riwaya hii, nami naona hiyo ni dhuluma ndogo.

Tarehe 20 Machi 1852, kabla mfululizo haujamalizika gazetini, John P. Jewett wa Boston alichapa kitabu hicho katika juzuu mbili. Nakala 10,000 ziliuzwa katika juma la kwanza, na takriban 300,000 nchini Marekani katika mwaka wa kwanza. Nchini Uingereza ziliuzwa zaidi ya milioni moja, ila kwa kuwa hapakuwa na mkataba wa hakimiliki baina ya nchi hizo mbili, nakala nyingi zilichapwa bila kumlipa mwandishi. Hata hivyo mrabaha wake wa kwanza kutoka kwa Jewett ulikuwa dola 10,000. Mwanamke aliyekuwa akiandika makala ili anunue godoro alijikuta, akiwa na umri wa miaka 41, mtunzi mashuhuri kuliko wote nchini mwake. Waliomuunga mkono walimwalika Uingereza mwaka 1853, na waliomchukia kusini mwa Marekani walimtukana magazetini, wengine wakimwambia arudi kutunza nyumba yake.

Lakini kuna mama mwingine ambaye hatuna budi kumtaja katika mwaka huo huo. Harriet Jacobs alizaliwa mtumwa huko North Carolina mwaka 1813. Alijificha takriban miaka saba katika kijichumba cha juu ya dari ya nyanyake, mahali asipoweza hata kusimama wima, akiwachungulia watoto wake kupitia tundu, kisha akatorokea kaskazini mwaka 1842. Kufikia miaka ya 1850 alikuwa yaya katika nyumba ya mwandishi Nathaniel Parker Willis, jimbo la New York. Rafiki zake walimwomba Bi. Stowe amsaidie Jacobs kuisimulia habari ya maisha yake, na ikapendekezwa kwamba binti yake Jacobs, Louisa, aandamane na Bi. Stowe katika safari ya Uingereza. Bi. Stowe alikataa kumchukua binti huyo, akihofia kwamba sifa za Waingereza zingemharibu. Aidha, habari za siri za Jacobs alizipeleka kwa mke wa Willis ili zithibitishwe, na akataka kuzitumia katika kitabu chake cha ushahidi, A Key to Uncle Tom's Cabin, kilichotoka mwaka 1853. Jacobs aliumia. Aliamua kuandika mwenyewe. Kutwa aliwalea watoto wa Willis, usiku nyumba ilipolala aliandika kwa siri, na ilimchukua miaka. Kitabu chake, Incidents in the Life of a Slave Girl, kilichapishwa mwaka 1861.

Tukiwaweka wanawake hawa wawili kwenye mizani, swali letu la awali linakuwa zito zaidi. Bi. Stowe alinunua saa zake za kuandika kwa ujira wa Anna na wengineo. Jacobs alikuwa ndiye Anna. Saa zake za mchana zilikwisha kununuliwa, zikampa mtu mwingine nafasi, naye akabaki na zile ambazo hakuna aliyezitaka. Mwanamke aliyejua uchungu wa kukosa chumba alishindwa kuutambua uchungu huo kwa mwanamke mweusi aliyebisha hodi. Sisemi haya ili kuifuta kazi kubwa aliyoifanya. Nayasema kwa kuwa sifa zake husimuliwa mara nyingi na kisa hiki mara chache. Msomaji wa Kiafrika ana lalamiko jingine pia: riwaya inapokaribia mwisho, George Harris na jamaa yake, watu waliopigania uhuru wao kwa ujasiri, wanapelekwa Liberia, kana kwamba Marekani haikuwa na nafasi yao. Watu weusi wa wakati huo, Martin Delany akiwa mmojawapo, walimkosoa kwa hilo, na karne moja baadaye James Baldwin aliishambulia riwaya yenyewe katika insha yake ya mwaka 1949.

Umaarufu haukumwondolea Bi. Stowe kazi. Alitunza jamaa iliyotumia kuliko ilivyopata, na aliandika takriban kitabu kimoja kila mwaka kwa miongo mitatu, vyote vikizidi 30. Miongoni mwao ni Dred wa mwaka 1856 na The Minister's Wooing wa mwaka 1859. La kushangaza ni kwamba mwaka 1864 alipoanza kuandika makala kuhusu utunzaji wa nyumba katika jarida la Atlantic Monthly, alijificha nyuma ya jina la mwanamume, Christopher Crowfield. Mwaka 1869 yeye na Catharine walitoa The American Woman's Home, kitabu kinachoeleza mpaka namna ya kupanga rafu, unga na sinki ili mpishi asipoteze hatua. Watu wengi wa fasihi hukipuuza kitabu hicho. Mimi nakiona kama shahada ya jiko la Cincinnati, kwa sababu kila hatua iliyookolewa humo ni hatua ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameipoteza.

Watoto walimletea huzuni nyingi. Henry alizama katika Mto Connecticut tarehe 9 Julai 1857, akiwa mwanafunzi wa Dartmouth. Frederick alijeruhiwa kichwani katika vita vya Gettysburg mwaka 1863, akazama katika ulevi, na mwaka 1871 akatoweka San Francisco, asionekane tena. Georgiana alizoea mofini aliyopewa kama dawa, na alifariki mwaka 1890. Pacha wa kwanza, Eliza na Harriet, hawakuolewa. Walibaki nyumbani, wakashika jiko, fedha, barua na wageni, ili mama aandike. Waliozaliwa wakamnyima mama yao usingizi mwaka 1836 ndio waliomlindia wakati wake hadi uzeeni. Historia haielezi iwapo nao walikuwa na jambo walilotamani kuandika.

Calvin alifariki mwaka 1886. Akili ya Harriet ilianza kufifia baada ya hapo. Mwaka 1888 gazeti la Washington Post liliripoti kwamba bibi huyo, aliyekuwa na umri wa miaka 77, alikuwa ameanza kuiandika Uncle Tom's Cabin upya, akiamini kwamba anaitunga kwa mara ya kwanza. Aliandika kwa saa kadhaa kila siku nyumbani kwake Hartford, na safari hii hakuwa na mtoto wa kunyonyesha, mkate tanuri wala mhariri mlangoni. Pacha walikuwa wakimwangalia.

Alifariki tarehe 1 Julai 1896 na akazikwa Andover, jimbo la Massachusetts, karibu na Calvin na Henry. Charley alikuwa amezikwa Cincinnati miaka 47 kabla.